Filta ya Mgonjwa wa Area 49

Area 49, Lilongwe
6 Juni 2022

Mama Mkwe wangu mpendwa, Mama Annuarite,

Ninakusalimu kwa heshima zote, mimi mkwe wako Rémy, baba wa Merveille. Ninaamini uko salama huko kambini Dzaleka, cherehani inatembea, na mke wangu Bénie na mtoto hawakupi taabu nyingi. Mimi niko salama. Ulisema mkwe na mama mkwe hawapaswi kupiga kelele kwenye simu kama watu wa soko, na kwamba karatasi ndiyo yenye adabu. Kwa hiyo barua hii nimempa Asani, atakuletea akirudi na gari lake la mitumba.

Nimepata kazi ya ufundi kwa mzee mmoja anayeitwa Bambo Mtegha. Amestaafu, na mke wake alifariki. Kwake kuna mashine ya zamani sana, na shida yake kubwa ni hewa. Haipumui vizuri. Filta imeoza kabisa: sponji yake imekuwa kama ndizi iliyosahauliwa ndani ya mfuko, ukiigusa inabaki kwenye vidole. Bila filta mpya hatuthubutu kuwasha. Vumbi kidogo likiingia, tutapoteza kila kitu, na kilichopotea hakitarudi.

Filta za namna hiyo hazipatikani Lilongwe wala kwingine, waliokuwa wakizitengeneza waliacha zamani. Ndipo nilipokumbuka mikunjo unayoshona kwenye kanzu za kwaya, ile iliyobanana sana. Ninaomba unishonee kitambaa chenye mikunjo kama ile. Vipimo nimechora nyuma ya karatasi hii.

Sitaandika mengi kuhusu mashine yenyewe, nisikuchoshe.

Mkwe wako,
Rémy


Dzaleka
10 Juni 2022

Mkwe wangu Rémy,

Barua yako imefika. Nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimeketi. Kwanza ninamshukuru Mungu kwamba umeacha kufungua redio za watu na sasa unafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa. Siku ya harusi yenu sikukusifu, na sababu unaijua: redio ya kanisa uliifungua mwenyewe, na mpaka leo iko vipande ndani ya kikapu. Leo ninakusifu.

Maskini mzee huyo. Mjomba wangu kule Bukavu naye alikuwa na shida ya kupumua, ninaijua. Asilale chali. Muwekee mito chini ya mabega. Mpe tangawizi kwenye maji ya moto, na madirisha yafungwe kwa sababu ya vumbi. Hukusema anakula nini. Niandikie anakula nini.

Filta nimeshona kwa pamba safi, mabaki ya nguo za ubatizo. Mikunjo nimeitia wanga na kuipiga pasi ili isimame. Pembeni nimeweka lasi kidogo, maana mgonjwa akifungua macho ni vizuri aone kitu kizuri.

Jina lake nimelipeleka kwa Mama Cécile, mkubwa wa kikundi chetu cha maombi. Kesho tunaanza kufunga.

Mama yako,
Annuarite


Area 49
14 Juni 2022

Bénie wangu,

Tuko na shida. Mama anafikiri Bambo Mtegha njo mgonjwa. Bambo Mtegha hana ugonjwa hata mmoja, jana tulikuwa tunafukuza kuku akaniacha nyuma. Mgonjwa ni mashine.

Najua we unajua kidogo, lakini nikuelezee vizuri ili umwelezee naye. Ni kompyuta ya zamani, ya mbele ya sisi kuzaliwa. Fasi yake ya kuwekea maneno ni kabati nzito kama friji iliyolazwa. Ndani kuko sahani inazunguka mbio sana, na vichwa viwili vidogo vinaisoma. Vile vichwa havigusi sahani. Vinaelea juu ya hewa, karibu sana, unywele hauwezi kupita katikati. Vumbi likiingia pale, kichwa kinaanguka kwenye sahani, kinaikwaruza, na maneno ya pale yamekwisha. Njo sababu ya filta: inasafisha ile hewa.

Na maneno yenyewe ni ya mke wa mzee, Mai Tisungane. Alikuwa mwalimu. Bambo Mtegha alikuwa fundi kwenye chumba cha kompyuta cha ofisi moja, na jioni watu wakirudi nyumbani alikuwa anamwacha mke wake aingie aandike. Aliandika kamusi ya Chichewa, maneno aliyokuwa anakusanya sokoni kwao Madisi. Ofisi ilipotupa mashine, mzee akainunua, akaifunika na mkeka kwenye garaji. Mama huyo amefariki, na kamusi haiko pengine popote. Iko kwenye ile sahani tu.

Filta ya Mama ni nzuri kupita suti yangu ya harusi. Lakini pamba inatoa nyuzi. Niliipuliza mbele ya dirisha, zikaruka kama manyoya. Nikiiweka, mi njo nitaua mashine. Na wanga umeshaita mende.

Umwambie Mama ukweli, polepole, siku akiwa na furaha. Ningekupigia lakini simu yangu bado iko wazi juu ya meza, kuna skurubu moja siioni.

Papa Merveille


Dzaleka
17 Juni 2022

Papa Merveille,

Siku Mama akiwa na furaha njo hizi siku, na ile furaha inatoka kwenye yale mambo unataka nimwambie si ya kweli.

Unajua anasemaka nini pale kwenye bomba la maji? Anasema, "mkwe wangu wa hospitali". Bamama banamwachia fasi mbele kwenye mstari. Tangu harusi yetu alikuwa anakuita "yule mfungua vitu". Sasa anakuita Rémy, na ile é ya mwisho anaivuta kama iko anaimba.

Kikundi chote kimefunga. Mama Cécile ameota mzee amevaa nguo nyeupe. Pasta Norbert ametaja Area 49 katikati ya mahubiri, bantu bakafunga macho. Sasa mi nisimame pale niseme mgonjwa ni kompyuta?

Hapana. Mi sisemi. Njo we uliandika "haipumui". Ile barua nimeisoma, hata mi ningelia. Mwandikie tena na uweke neno kompyuta ndani. Ni neno moja tu, haliumi.

Merveille anakusalimia. Kila jioni anaombea "Mutega".

Bénie


Area 49
21 Juni 2022

Mama Mkwe wangu mpendwa,

Asante kwa filta. Haijawahi kuingia kitu kizuri kama hicho ndani ya garaji hii.

Lakini nina ombi. Pamba inatoa nyuzi ndogo, na nyuzi zikiingia ndani ni hatari sawa na vumbi. Je, bado unacho kile kitambaa cheupe mlichopewa wakati wa korona, cha katikati ya barakoa? Hicho kinaweza kufaa.

Uliuliza habari ya chakula. Huku hakuna chakula, ni umeme tu. Umeme ukikatika tunasubiri urudi.

Tena, Mama, ninaomba kikundi kisifunge sana. Hali si mbaya kama mlivyoelewa. Kusema kweli si mgonjwa kwa maana ile ya ugonjwa. Ni uzee tu, na vumbi la miaka mingi. Nilitaka kukuelezea jambo jingine hapa, lakini Asani anapiga honi.

Mkwe wako,
Rémy


Dzaleka
27 Juni 2022

Mkwe wangu Rémy,

Unyenyekevu wako umenigusa. "Si mgonjwa kwa maana ile ya ugonjwa." Ndivyo wauguzi wazuri wanavyosema ili watu wasiogope. Mimi si mtoto, nimeelewa.

Nilipowasomea wenzangu kwamba mzee anaishi kwa umeme tu, Mama Cécile alilia, na Pasta Norbert alivua miwani akaifuta muda mrefu. Na umeme wenyewe tunaijua tabia yake. Lakini kwa nini mmemlaza garajini? Hana watoto? Basi, sitauliza zaidi.

Kitambaa cha barakoa kilikuwepo. Kipande cha kwanza nilikipiga pasi, kikayeyuka. Pasi sasa ina ngozi nyeupe, na nyumba ilinuka kama jerikani lililoungua. Cha pili nimekikunja kwa kucha na kukishikiza kwa pini, halafu pini nimezitoa. Lasi nimeiacha, ingawa roho imeniuma.

Ninatuma pia maharagwe. Siku atakayoanza kula, aanze na supu yake.

Kikundi kimeamua jambo. Utaliona.

Mama yako,
Annuarite


Dzaleka
2 Julai 2022, asubuhi

Papa Merveille,

Bako njiani kuja kwako. Mama, Mama Cécile na Pasta Norbert. Bamebeba mafuta ya kupaka mgonjwa, na ngoma. Ningemtuma Asani akufikie mbele yao, lakini bao njo bamejaa kwenye gari lake. Kwa hiyo hii barua naificha ndani ya mfuko wa maharagwe wanaokuletea. Ukiipata, bamefika.

Sema kompyuta. Sema haraka.

Bénie


Area 49
3 Julai 2022

Bénie wangu,

Barua yako nimeipata leo, ndani ya sufuria. Imeiva pamoja na maharagwe.

Walifika jana saa nne. Mi nilikuwa nafagia garaji, sababu ya ile filta ya barakoa: niliijaribu kwa kupuliza unga upande mmoja, unga ukatokea upande wa pili kupitia matundu ya pini, ukaenda kila fasi. Nilikuwa mweupe kichwa mpaka miguu. Mama aliniona hivyo akasema, "Pole na kazi, mwanangu." Hajawahi kuniita mwanangu.

Akauliza, "Mgonjwa yuko wapi?"

Nikasema, "Mama, karibuni kwanza maji."

Mama Cécile akaangalia juu. Bambo Mtegha alikuwa kwenye paa, anapigilia bati. Mama Cécile akaniuliza, "Na yule ni nani?" Mzee, alivyoona ananyoshewa kidole, akajibu mwenyewe na salamu ya Chichewa: "Mtegha, zikomo."

Mama Cécile alianguka magoti palepale kwenye kokoto. Pasta Norbert akaanza wimbo, ile ya kushukuru kwa aliyepona, na ngoma ikafuata. Majirani walitoka. Mzee akashuka ngazi na nyundo mkononi, akaniuliza kwa Chichewa hao ni nani. Nikasema ni watu wa kanisa letu, wamekuja kuomba. Akavua kofia. Akasema tangu mazishi ya mke wake hakuna mtu aliyekuja kuimba kwenye nyumba hii.

Bénie, ningesema nini pale? Wao walikuwa wanaimba juu ya uzima wake, yeye anafikiri ni juu ya msiba wa mke wake, na bote walilia, kila mtu na sababu yake. Mi pia nililia, juu ya woga.

Kisha Mama akataka kuona kitanda alichotokea. Kwa Chichewa chake cha sokoni akamwambia mzee neno moja, "wodwala", mgonjwa. Mzee akafurahi sana. Akafikiri mi nimewaelezea kila kitu. Akawafungulia garaji, akavuta mkeka, akaweka mkono juu ya kabati, akasema, "Wodwala ndi uyu." Mgonjwa ni huyu.

Ngoma ilinyamaza bila mtu kuinyamazisha.

Mama alizunguka mashine yote polepole. Aliona filta yake ya kwanza, ya lasi, mzee ameitundika ukutani kama picha. Akaona ya pili na unga wake. Akaniuliza, "Hii ndiyo inakula umeme tu?"

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

"Na maharagwe niliyotuma yaliliwa na nani?"

"Na mimi na mzee."

Pasta Norbert alikuwa ameshatia mafuta kwenye kidole. Akaangalia mashine, akaangalia kidole, akakifuta kwenye suruali. Walikunywa maji, wakapanda gari. Mama alikaa mbele na hakugeuka nyuma hata mara moja.

Niambie anasema nini.

Papa Merveille


Dzaleka
9 Julai 2022

Papa Merveille,

Hasemi. Njo shida. Akiwa na hasira anasemaka mpaka jirani wanafunga dirisha. Safari hii anashona tu, na cherehani inakwenda mbio kama iko inakufukuza.

Mama Cécile, yeye, ameshuhudia kanisani. Amesema mgonjwa wa umeme amepanda paa na nyundo. Bantu bakapiga makofi. Bakamwangalia Mama aongeze neno. Mama akasimama, akasema, "Alikuwa kwenye paa. Hiyo nimeiona kwa macho yangu." Akaketi. Haikuwa uongo. Kwenye bomba la maji sasa anangoja zamu yake kama bantu bote, hataki wamwachie fasi.

Umemtia haya, Rémy. Hakukasirikia kompyuta. Alikuwa amekusifu mbele ya watu.

Usimwandikie sasa. Atachana hata bahasha.

Bénie


Area 49
15 Julai 2022

Mai Annuarite,

Haya ni maneno yangu, Mtegha. Ninayasema kwa Chichewa na mkwe wako anayageuza kwa Kiswahili. Nimemwambia asiruke kitu.

Mkwe wako ni mwoga. (Ninaandika kama alivyosema. R.) Anakuogopa wewe kuliko anavyoogopa umeme, na umeme ulishamtupa ukutani mbele yangu. Ninamuelewa. Mama wa mke wangu alikuwa mwanamke mfupi wa Madisi, na kila nilipomwona anakuja nilipita nyuma ya ghala la mahindi. Lakini mimi sikumfanya mtu yeyote afunge kula. (Na hili pia nimeliandika. R.)

Sikujua mnaniombea mimi. Nilipoelezwa maana ya wimbo nilicheka, halafu nikasikitika, kwa sababu nilikuwa nimeshaupokea kwa ajili ya Tisungane. Nitabaki nao hivyo, kama hamtaki kuuchukua.

Nikuambie kilicho ndani ya mashine. Mke wangu alikuja kila jioni ofisini, akavua viatu, akaandika maneno yake mpaka mlinzi akagonga mlango. Mimi nilimpikia chai. Miaka yote hiyo sikusoma alichoandika hata mara moja. Nilikuwa ninaangalia mashine, taa zake, sauti yake, nikiona ndicho kitu cha maana chumbani mle. Sasa nataka kusoma.

Nimenunua mjini, City Centre, filta ya mashine ya kufyonza vumbi. Karatasi yake ndiyo hasa inayotakiwa, ila umbo silo. Mkwe wako amejaribu kuikunja, akaikunja kama mtu anayefunga nyama ya sokoni. Ninakutumia karatasi mpya pamoja na fremu ya zamani, nimeiosha mwenyewe. Usipotaka, irudishe, hakuna ubaya kati yetu.

Ila nakuomba, bila pini.

Mtegha


Dzaleka
6 Agosti 2022

Kwa Bambo Mtegha,

Barua hii ni yako. Anayekusomea asome tu, asiweke maneno yake kwenye mabano.

Nimetengeneza filta. Mwezi huu hapa Dzaleka vumbi linaingia hata ndani ya chai iliyofunikwa, kwa hiyo nilifunga mlango, nikalowesha mashuka nikayatundika kila upande, nikavaa kofia ya kuogea. Majirani walikuja kuuliza nani amefariki.

Karatasi si kitambaa. Kitambaa ukikosea kinakusamehe. Nilipasua nusu ya kwanza kwa sababu nilivuta kama ninavyovuta sketi, na nusu ya pili nilianza kuogopa. Bénie akashika ncha moja, mimi nyingine, mpaka mkunjo wa mwisho. Imetosha fremu, haikubaki hata kidole. Kuweka gundi kwenye kingo kumenishinda, nilijaribu kwenye kipande kibovu ikamwagika. Nimeambiwa gundi mkwe wangu anaijua. Basi aiweke, na asiweke sehemu ya karatasi inayopitisha hewa. Mpira wa kuziba pembeni nimeukata kwenye kandambili mpya. Usipofaa, utupeni, sitauliza.

Kuhusu wimbo, baki nao. Niliuimba mwenyewe na ninakupa. Marehemu mke wako alikuwa mtu wa kazi, mtu anayevua viatu ili aandike vizuri. Ningependa kumjua.

Kuhusu yule mwingine, sina neno naye kwa sasa.

Annuarite


Area 49
28 Agosti 2022

Mama Mkwe,

Ninakuandikia bila kujua kama utasoma. Neno kompyuta ninaliweka hapa mwanzoni: ni kompyuta, Mama. Niliandika "umeme tu" nikijua utaelewa vingine, kwa sababu nilipenda ulivyoniita baada ya barua ile ya kwanza. Nisamehe.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Gundi niliiweka kwa kijiti cha kibiriti, na mzee alisimama nyuma yangu akipumua shingoni. Mpira wa kandambili ulifaa. Sahani zinazotunza maneno hutolewa na kubadilishwa, kwa hiyo tuliwasha mashine kwanza na sahani tupu, isiyo na maneno, tukaiacha izunguke tangu asubuhi ili filta imeze vumbi lililobaki ndani. Nilimulika kwa tochi mahali hewa inapotokea. Hapakupita kitu, hata chembe. Tukarudia kesho yake, kwa sababu hakuna kati yetu aliyekuwa na ujasiri. Siku ya tatu mzee alisema yeye ana umri wa miaka sabini na mbili na hawezi kuendelea kusubiri ujasiri wangu. Akaleta sahani ya Mai Tisungane, ameishika kwa mikono miwili.

Ilianza kulia polepole, kisha ikashika kasi kama cherehani yako ukiwa umechelewa na nguo za harusi. Halafu vichwa vikaingia. Vikikwaruza unasikia, Mama, ni kama kijiko kwenye sufuria kavu. Tulisikiliza. Ilikuwa hewa tu. Mzee alinishika mkono na alama za vidole vyake bado ninazo.

Maneno yakaja kwenye kioo. Chini ya kila neno mke wake aliandika sentensi ya mfano. La kwanza tuliloliona lilikuwa nsapato, kiatu: "Mume wangu amelala tena na viatu." Mzee akasema sawa, huo ni mfano tu. Nikafungua mchere, chumvi: "Mume wangu anaongeza chumvi kabla ya kuonja." Tsache, ufagio: "Ufagio uko mahali ambapo mume wangu hajawahi kufika." Kuiwala, kusahau: "Mume wangu amesahau siku ya harusi yetu, lakini siku mashine ilipoletwa anaikumbuka."

Ni kamusi nzima, Mama, na yeye yumo karibu kila ukurasa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema, "Alikuwa ananisema mbele ya macho yangu, na mimi ninampikia chai." Kisha akaniuliza kama neno chai lipo. Nikalitafuta, tiyi. "Mume wangu ameniletea chai, na bado ni ya moto."

Hapo nilitoka nje, nikamwacha naye.

Sasa kila siku ninatoa nakala, na tunaisoma neno kwa neno. Karibu yote ni mazima. Sehemu moja tu ya sahani ilikwaruzwa zamani, kabla yetu, na maneno mengi yanayoanza na mp yamepotea. Mzee hataki kuyaacha wazi. Anaomba sentensi kwa watu aliowapenda. Neno mpongozi amesema ni letu mimi na wewe, maana kwa Chichewa mkwe na mama mkwe wanaitwa kwa neno hilohilo. Yangu nimeshaandika: "Mpongozi wangu alifunga mlango ili mimi nipate hewa safi." Anasubiri yako. Alisema nisikuombe mimi, nikuambie ni yeye anayeomba.

Mkwe wako,
Rémy


Dzaleka
4 Septemba 2022

Mkwe wangu Rémy,

Nimesoma.

Nimewasomea pia kikundi, yote, na neno kompyuta nikalitamka kwa sauti ili tumalizane nalo. Mama Cécile alisema yeye hakuota kompyuta, aliota mzee mwenye nguo nyeupe, na mzee yupo. Pasta Norbert aliomba nirudie ile sentensi ya chumvi. Kusema kweli aliyeomba ni mke wake.

Ile ya chai sikuweza kuisoma hadi mwisho, Bénie alinimalizia.

Nimeandika sentensi nyingi, nikachana nyingi. Moja ilikuwa ndefu mno, nyingine Bénie alisema kamusi haiwezi kuibeba. Hii iliyobaki mpe Bambo Mtegha, na umwombe aisome kwa sauti mbele yako kabla hamjaiingiza kwenye mashine:

"Mpongozi wangu alinidanganya, nami nikamshonea."

Mama yako,
Annuarite